Kutoa themostati hakuzuii gari kuchemsha

Huku Mbeya mtu akinunua Land Cruiser ya zamani ushauri wa kwanza anaopewa ni toa themostati, gari haitachemsha tena ukipanda mlima Kitonga. Nimeusikia tangu niko mdogo, na bado unaharibu injini za watu.

Kazi ya themostati ni kubana maji yasiende kwenye rejeta, pale yanapopozwa, mpaka injini ipate moto wake, nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 76 hadi 88 hivi. Ukiitoa, kwa baridi yetu ya Juni na Julai injini inachelewa sana kupata moto, dizeli inaliwa zaidi, oili inachafuka haraka na ringi za pistoni zinasagika mapema. Na kuna jambo wengi hawalijui, kwenye injini nyingi za Toyota ile themostati ikifunguka kwa mbele inaziba njia ya mkato kwa nyuma, sasa ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji mengine yanazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani ndo inachemsha zaidi!

Kama inachemsha angalia rejeta iliyoziba, feni, mkanda, na mfuniko wa rejeta, huo usiudharau kabisa maana ndio unaoshika presha, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 tu.

Themostati yenyewe unaipima nyumbani, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone kama inafunguka. Ikigoma nunua mpya, namba ya nyuzi imegongwa juu yake.