Kaa wa miiba: anza na miguu, rangi iwe ya mwisho

Wanafunzi wa sekondari hapa Bukavu hunionyesha kwenye simu picha za kaa wa bahari waliojaa miiba, wakitaka jina. Kabla ya kujibu, huwaomba wageuze mawe kandokando ya Ziwa Kivu waniletee kaa wetu. Mshike kwa nyuma ya gamba, vidole viwili, asikubane. Sasa hesabu: magando mawili mbele, kisha jozi nne za miguu ya kutembelea. Mgeuze. Mkia umekunjwa chini ya tumbo, pande zote mbili sawasawa, mpana kwa jike, mwembamba kwa dume. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ni Potamonautes, kaa halisi wa maji baridi, na ndiye kipimo chetu.

Rudi kwenye picha. Kaa mkubwa mwekundu wa Pasifiki ya Kaskazini, yule anayeitwa kaa-mfalme (Paralithodes camtschaticus), akitandaza miguu hukaribia mita 1.8. Lakini nyuma ya magando utaona jozi tatu tu za miguu. Hakukatwa mguu. Jozi ya mwisho ni ndogo sana, imefichwa ndani ya gamba, nayo husafisha matamvua anayopumulia. Ukoo wake uko karibu zaidi na wale kaa wenye mkia laini wanaobeba kombe tupu la konokono kuliko na kaa wa Kivu, kwa hiyo si kaa halisi. Jike bado ana alama ya ukoo huo: mkia wake umepinda, upande mmoja mkubwa kuliko wa pili.

Majina nayo yanachanganya watu. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeainisha viumbe, alimpa kaa mmoja wa miiba wa Atlantiki ya Kaskazini jina la maja. Leo anaitwa Lithodes maja, naye ni wa ukoo wa kaa-mfalme. Baadaye neno hilohilo likawa jenasi nzima ya kaa buibui, Maja, ambao ni kaa halisi. Anayesoma jina tu atadhani ni ndugu. Mwambie ahesabu miguu: Lithodes maja ana jozi tatu zinazoonekana, Maja squinado ana nne, sawa na kaa wa Kivu.

Ukishajua ukoo, ndipo miiba inapofaa. Kaa-mfalme mwekundu alipelekwa na Wasovieti katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Urusi na Norwe, miaka ya 1960, akaenea hadi pwani ya Norwe, anakoishi Lithodes maja wa asili. Hapo tazama pembe iliyo kati ya macho. Ya Lithodes maja ni ndefu na imegawanyika nchani kama uma. Ya mwekundu ni fupi, ncha moja. Kumtenga mwekundu na ndugu yake wa bluu, Paralithodes platypus, hesabu miiba ya katikati ya mgongo: mwekundu ana jozi tatu, wa bluu jozi mbili.

Rangi naiweka mwisho kwa makusudi. Wakipikwa, mwekundu na wa bluu wote huwa wekundu, ila miiba inabaki mahali pake. Urefu wa miiba pia usiutegemee peke yake, maana katika ukoo huu kaa wachanga mara nyingi wana miiba mirefu, ukilinganisha na mwili, kuliko wazee wao. Na kaa buibui hujipachika mwani mgongoni hadi miiba isionekane.

Kuna mahali ambapo hata jicho zuri halitoshi. Maja wa Mediterania na wa Atlantiki walihesabiwa miaka mingi kuwa spishi moja, mpaka uchunguzi wa mwaka 1998 ulipowatenganisha: squinado wa Mediterania, brachydactyla wa Atlantiki. Kwa hao, kujua alikovuliwa kunasaidia kuliko picha nzuri.

Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi anayetuletea picha, tunamwomba tatu: mgongo wote, tumbo, na uso kwa karibu ili pembe ionekane. Aandike pia jina la bahari. Kwa kaa wa kwetu, aandike mto au sehemu ya ziwa, kisha amrudishe chini ya jiwe lake.