Kabla Kontena Halijaondoka Dar

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa ujenzi hapa Dar es Salaam wana ekari zao tayari Chamwino, Bahi au Manyoni, na kontena la kugeuza nyumba wameshalipia. Wanauliza gharama ya kulisafirisha. Sisi tunawauliza maji yatatoka wapi, na hapo mazungumzo huanza upya.

Kontena la futi 20, tupu, lina kama tani 2 na robo. Trela hulifikisha Dodoma, kilomita 450 hivi, na winchi hulipandisha juu ya nguzo za zege kabla ya chai ya saa nne. Urahisi huo ndio unaowaponza watu.

Dodoma hupata takriban milimita 550 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, hutumia lita 36,500 kwa mwaka. Paa la mita 9 kwa 10, ukitoa moja ya tano inayopotea, linavuna karibu lita 39,600. Makontena mawili ya futi 20 hayafiki mita za mraba 30. Basi ezeka paa linaloyazidi mara tatu, lisimame kwa nguzo zake, na liache pengo la nusu mita hewa ipite. Baraza utaipata humo humo. Bila kivuli hicho, saa nane mchana chuma ni kikaango, na jirani yako Mgogo amejipumzikia kwenye tembe lake la kuta nene za udongo. Pande fupi zitazame mashariki na magharibi.

Kiangazi, Mei hadi Novemba, ni siku 214; kwa lita 100 za familia hiyo kila siku, ni lita 21,400. Matenki mawili ya lita 10,000 hayakuvushi; weka matatu. Ng'ombe na bustani ni hesabu nyingine, ya kisima. Kabla ya kuchimba, nenda bodi ya maji ya bonde, ofisi inayosimamia maji ya eneo lako, ukaombe kibali, kisha maji yapimwe chumvi na floridi. Floridi, inayosumbua sana Singida, huharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga nguzo zishuke hadi ardhi ngumu, maana udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi.

Marekani, nyumba zinazoundwa kiwandani na kusafirishwa hadi kwenye kiwanja zina kanuni za kitaifa tangu 1976, joto na upepo vikiwemo. Kontena, kinyume chake, lilitengenezwa kubeba mizigo, si kulaza watu. Sakafu yake ya mbao mara nyingi imetiwa dawa kali ya wadudu; ing'oe na utandike nyingine kabla mtoto hajalala humo.