Vimwana wa Soho: dhana potofu kuhusu majarida ya zamani ya Uingereza

Ukitaka kumtambua mgeni katika ukusanyaji wa majarida ya vimwana ya Uingereza, yale madogo ya kutia mfukoni ya miaka ya 1930 hadi ya 1960, angalia anaanza kusoma wapi. Mgeni huanza na maneno yaliyo chini ya picha. Mzoefu hupitia kwanza bei, namba ya simu, jina la mchapaji lililojificha chini ya ukurasa wa mwisho, na muhuri ulioko nyuma ya picha. Maneno ya chini ya picha aliyaandika mtu aliyelipwa kuuza njozi. Bei na namba ya simu hazikuwa na sababu ya kudanganya, na uvumi mwingi unaozunguka majarida haya huvunjikia hapo.

"Ni picha za uchi tu"

Baadhi ndiyo, mengine hata kidogo. Lilliput lilianzishwa mwaka 1937 na Stefan Lorant, Mhungaria aliyekuwa ametiwa jela na Wanazi mjini Munich mwaka 1933. Lilikuwa na hadithi fupi, katuni, na mzaha wake maarufu wa kuweka picha mbili uso kwa uso zikejeliane: waziri mkuu Chamberlain upande huu, mnyama aina ya lama upande ule, wote wawili na uso uleule. Picha za wanawake zilikuwamo, lakini humo humo zilichapishwa kazi za Bill Brandt, ambaye leo hakuna anayeandika historia ya upigaji picha wa Uingereza akamruka.

Spick lilitoka mwaka 1953, ndugu yake Span likafuata 1954, kisha Beautiful Britons 1955. Humo mara nyingi utakuta kina dada wenye sketi pana na soksi ndefu, wakipanda ngazi au wakishuka baiskeli upepo ukiwa umewatembelea. Picha za uchi za studio zilikuwa zaidi kazi ya Kamera, jarida lililoanza mwaka 1957. Kuyatia yote kapu moja ni kupoteza nusu ya habari.

Na wapigapicha wenyewe hawakuwa watu wa vichochoroni. Walter Bird, aliyejulikana kabla ya vita kwa picha za uchi zilizopangwa kwa mwanga wa ustadi mkubwa, katika miaka ya 1960 ndiye aliyekuwa akiwapiga picha mawaziri na wanazuoni kwa ajili ya kumbukumbu za jumba la taifa la picha za watu mashuhuri, National Portrait Gallery, mjini London.

"Jina limeandikwa pale, sasa utafiti wa nini?"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, tena kwa miaka. Jina lililochapishwa ni jina la kazi, na modo mmoja angeweza kuwa na majina mawili au matatu kwa wakati mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Pamela Green, aliyezaliwa mwaka 1929. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa katika chuo cha St Martin's, London, akaanza kukaa mbele ya wachoraji na wapigapicha ili apate ada. Yeye na mpigapicha George Harrison Marks ndio walioanzisha Kamera, studio yao ikiwa namba 4 Gerrard Street, katika eneo la Soho, katikati ya London, mtaa ambao leo ndio kitovu cha maduka na hoteli za Wachina. Msomaji wa Kamera aliyemchoka Pamela, mwenye nywele za dhahabu, alikuwa na mwingine wa kumtazama: Rita Landre, mwenye nywele nyekundu na hewa ya kigeni. Rita alikuwa Pamela huyohuyo. Waliokusanya picha za "wote wawili" na kuzitenga kwenye majalada tofauti walikuwa wanamkusanya mtu mmoja.

Basi wazoefu hutambuaje? Nywele huachwa, kwa kuwa wigi na rangi vipo. Nyusi pia, maana zilinyolewa na kuchorwa upya. Sikio ndilo husaidia, umbo la ndewe hasa, pamoja na makovu, mpangilio wa meno na vidole vya miguu. Baada ya hapo hutazamwa chumba: pazia lenye maua yaleyale, kochi lilelile lililochanika pembeni, na zulia ambalo mpigapicha hakuwa na fedha za kulibadilisha. Ukishayajua mapazia ya studio moja, utaanza kuona picha za mpigapicha huyo hata zilikochapishwa bila jina lake.

Niongeze jambo moja ambalo si wote watakubaliana nami. Kumtambua mwanamke ni kitu kimoja, kumtangaza ni kingine. Pamela Green alizungumza hadharani juu ya kazi yake mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2010. Wengine walipiga picha kwa miezi michache, wakaolewa, wakawa wakutubi au mabibi wa watu, na hawakumwambia mtu. Jina lao la kazi linatosha.

Pamela ndiye pia anayeivunja dhana ya kwamba wanawake katika biashara hii walikuwa wa kupigwa picha tu. Alichora mandhari ya studio, alipanga mapambo, na alikuwa mshirika wa biashara. Mpigapicha aliyekuja kuoana naye baadaye, Douglas Webb, alikuwa mpiga bunduki katika ndege moja ya kikosi cha Uingereza kilichoshambulia mabwawa ya Ujerumani mwezi Mei 1943. Karibu kila jina la Soho ukilifuatilia linakupeleka kwenye jambo usilolitarajia.

"Sheria iliorodhesha sehemu za kufutwa"

Picha za uchi za miaka hiyo zina ulaini wa ajabu chini ya kitovu, kana kwamba waliopigwa walichongwa kwa sabuni. Wengi hudhani palikuwa na kifungu kilichosema "hiki kionekane, kile kisionekane". Hapakuwa nacho. Kipimo kilikuwa kile cha kesi ya Hicklin ya mwaka 1868: je, kitu hiki kina mwelekeo wa kuharibu maadili ya mtu anayeweza kukipata mkononi? Kipimo kipana namna hiyo hakimwambii mchapaji mpaka uko wapi, na mchapaji ndiye aliyekuwa akiogopa kuvamiwa na kuchukuliwa shehena nzima. Kwa hiyo fundi alikwangua negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutokana nayo, kwa kisu chembamba au kupuliza rangi juu ya picha, ili watu wa biashara walale salama.

Jean Straker alikataa. Alikuwa na klabu yake ya picha Soho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alishikilia kwamba mwili uliofutwa ni uongo. Sheria mpya ya machapisho machafu ilipopitishwa mwaka 1959, ikiwa na utetezi kwa kazi zenye faida kwa sanaa, sayansi au elimu, huenda mtu angetegemea ingemkinga. Polisi walimjia hata hivyo. Kesi yake ilifika mahakama ya juu, na mwaka 1963 majaji wakasema negativu zake haziingii katika maana ya sheria ile, kwa kuwa hazikuwekwa ili kuonyeshwa watu. Bunge halikuchelewa: sheria ya 1964 iliziba pengo hilo na kuzitaja negativu waziwazi.

"Hayana tarehe, basi hayajulikani ni ya lini"

Mengi kweli hayana tarehe, na ilikuwa kwa makusudi. Jarida lenye namba tu lingeweza kukaa dukani mwaka mzima bila kuonekana limechina. Lakini ushahidi uko tele.

Anza na bei. Ikiwa imeandikwa 2/6, yaani shilingi 2 na peni 6, jarida limetoka kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku ambayo Uingereza iliachana na shilingi. (Ule mkwaju tunaouweka hadi leo kwenye vibao vya bei, 500/=, una asili hiyohiyo.) Bei iliyoandikwa kwa namna zote mbili ni ya kipindi kifupi cha mpito.

Kisha simu. Namba za London zilikuwa zikianza na herufi tatu za jina la eneo. Soho ilikuwa GERrard, hivyo ungeona GER na tarakimu nne. Kuanzia mwaka 1966 herufi zilianza kubadilishwa kuwa tarakimu, na GER ikawa 437, kwa kuwa ndivyo zilivyokaa kwenye kidude cha kuzungusha. Tangazo lenye GER na lenye 01-437 yanaweza kuwa ya duka lilelile, mlango uleule, miaka kadhaa kati yao. Anwani nayo husema: W.1 peke yake ni ya zamani, na msimbo mrefu wa posta ni wa miaka ya 1970.

Jina la mchapaji ndilo hupuuzwa zaidi. Sheria ya Uingereza ilimtaka aliyechapa aandike jina na anwani yake kwenye chapisho. Mwenye jarida angeweza kujificha nyuma ya kampuni ya jina tu, ila kiwanda kilikuwa na mahali. Majarida matatu yenye wamiliki "tofauti" na mchapaji mmoja yanafaa kulazwa mezani pamoja.

"Nimenunua picha halisi ya 1955"

Huenda. Chukua kioo cha kukuzia mara 10. Ukiona vitone vilivyojipanga, umenunua ukurasa uliokatwa jaridani ukawekewa fremu. Hiyo si picha iliyosafishwa kwenye chumba cha giza. Usipoviona, igeuze. Karatasi inayoteleza kama plastiki nyuma na mbele ni ya aina iliyoenea miaka ya 1970, kwa hiyo hata kama negativu ni ya 1955, picha yenyewe imesafishwa baadaye sana. Halafu imulikie taa ya urujuanimno (UV) gizani. Karatasi ikimeremeta kwa weupe wa buluu, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutiwa kwenye karatasi za picha katika miaka ya 1950. Isipomeremeta haimaanishi kuwa ni ya kale, maana si kila kiwanda kilizitumia.

Muhuri wa mpigapicha nyuma unapendeza, ila mihuri huuzwa minadani kama vitu vingine. Simu iliyo kwenye muhuri ikipingana na umri wa karatasi, nitaiamini karatasi.

Kuhusu bei sina mengi. Uzee pekee haulipi. Majarida haya yalichapwa kwa wingi na mengi yamesalia. Kinacholipiwa ni matoleo ya mwanzo, kurasa zote kuwapo (ule wa katikati ndio huibwa kwanza), na hali ya jalada.

"Ni ya zamani, kwa hiyo ni ya kila mtu"

Kununua jarida ni kununua karatasi. Hakimiliki ya picha haiji nalo, na haijafa kwa sababu tu mpigapicha amekufa. Uingereza, tangu kanuni zilizoanza tarehe 1 Januari 1996, kipimo cha kawaida ni uhai wa mpigapicha na miaka 70 juu yake. Harrison Marks alifariki 1997. Hesabu mwenyewe: mwisho wa 2067. Kilichochanganya zaidi ni nani mwenye haki hiyo. Kwa picha zilizopigwa kati ya Juni 1957 na Julai 1989, sheria ya wakati huo ilimpa haki aliyekuwa akimiliki filamu iliyotumika, na ikiwa mtu alilipia kazi ifanywe, basi mlipaji. Kwa hiyo mwenye haki anaweza kuwa kampuni iliyofungwa zamani, na urithi wake uko kwenye sanduku la mtu asiyejua alicho nacho.

Vilevile uzee hauondoi jinai. Uingereza, picha chafu ya mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 ni kosa kuwa nayo hata kama wakati wake iliuzwa hadharani, na wauzaji makini hawaigusi. Kwetu, anayeagiza kwa posta ajue kwamba kifungu cha 181 cha kanuni ya adhabu ya Kenya na cha 175 cha Tanzania, vyote mabaki ya utawala wa Mwingereza, bado vinakataza biashara ya machapisho machafu. Lilliput halitakuletea shida. Kamera, mwulize wakili kabla ya kulipia.

"Nimeyapiga lamineti, sasa yatadumu"

Umeyaua. Joto na gundi ya lamineti havitoki tena, na hakuna mkusanyaji atakayenunua. Tumia mifuko ya plastiki ya poliesta, si ile ya PVC inayonuka dukani. Kwa wanaoishi Mombasa au Dar es Salaam, adui mkubwa ni unyevu: ukungu huanza kwenye uti wa jarida, na pini za chuma hushika kutu na kula karatasi kuzunguka tundu. Sanduku lenye kifuniko na vipakiti vya kufyonza unyevu, vinavyobadilishwa kila vinapojaa, vinafaa kuliko kabati la mbao lililoegemea ukuta wa nje. Negativu zitenge kabisa. Zikianza kunuka siki, filamu inaoza, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Ziskani upesi, kisha ziweke mbali na mkusanyiko wote. Pini yenye kutu usiing'oe kwa koleo. Inyooshe miguu yake kwa ndani, polepole, kisha isukume itoke upande wa jalada.