"Hold against" si kuchukia: dhana potofu na ukweli

Nimesahihisha "I hold against him" mara nyingi mno. Hata wanafunzi wanaosoma magazeti ya Kiingereza bila shida bado wanaamini kwamba "hold against" ni njia nyingine ya kusema kuchukia. Sivyo hata kidogo: maana yake ni kumhesabia mtu jambo fulani vibaya.

Kitenzi hiki kina nafasi tatu, na zote sharti zijazwe: anayeshikilia, jambo linaloshikiliwa, na anayebebeshwa jambo hilo. "She still holds that remark against me." Ondoa "that remark" na sentensi inaanguka. Kinachotuponza ni mazoea, kwa kuwa "nina kinyongo naye" hujitosheleza bila kutaja kisa. Kama hutaki kutaja kisa, sema "I resent him", umemaliza. Jambo likiwa refu, tanguliza "it" kisha ulieleze mwishoni: "He held it against her that she never wrote back." Ndiyo maana nasisitiza, na sitaacha kusisitiza: daftarini andika "hold something against someone". Asiandike mtu maneno mawili yaliyo uchi.

Wala hasira si lazima. Mwajiri akiona umekaa miaka miwili bila kazi, akakushusha kwenye orodha yake, "he holds it against you", ingawa hakujui wala hana ugomvi nawe. Kiini ni kwamba jambo fulani linakupunguzia thamani machoni pa mtu. Ukanushi wake, unaosikika sana, nao hueleweka vibaya. "I won't hold it against you" wengi huifasiri moja kwa moja kuwa "nimekusamehe", lakini mtu anaweza kukuambia hivyo kwa sababu tu unashabikia timu asiyoipenda. Hapo kuna kosa gani la kusamehe?

Wapo wanaosema ni lugha ya mitaani isiyofaa katika maandishi rasmi. Si kweli. "His silence should not be held against him" ni sentensi inayokaa vizuri kabisa katika hoja ya kisheria.

"I am holding it against you" nayo si kosa, na utasikia watu wakiuliza "Are you still holding that against me?" Lakini kwa kawaida hii ni hali, kwa hiyo mara nyingi "I hold it against you" inatosha.

Na "hold a cloth against the wound"? Huko ni kugandamiza kitambaa kwenye jeraha tu, hakuna kinyongo chochote.