Bwawa limejaa, mbona umeme umekatika?

"Tuna Bwawa la Nyerere, umeme haupaswi kukatika tena."

Tuanze na dai hili, maana ndilo linalozua ubishi mwingi. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, inafikisha megawati 2,115. Kweli ni umeme mwingi. Lakini kuzalisha ni kazi moja, kuufikisha nyumbani kwako ni kazi nyingine. Umeme huo hutoka Rufiji kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze, unapozwa (yaani volti zake zinashushwa), unagawanywa, kisha transfoma ya mtaani inaushusha hadi volti 230. Transfoma hiyo huenda ilifungwa mtaa ukiwa na nyumba chache. Leo una fremu za maduka, mashine ya kusaga na friji kila nyumba. Ikifika saa mbili usiku, inazidiwa. Hapo hata ungeongeza bwawa la pili, giza lingebaki palepale. Mgao husababishwa na upungufu wa umeme kwenye gridi. Nguzo iliyooza haina habari na kina cha maji.

"Maji ni nishati jadidifu, kwa hiyo hayaishi."

Jadidifu maana yake ni kwamba chanzo hujirudisha chenyewe kwa muda unaoeleweka. Hakuna aliyeahidi kwamba kitakuwepo kila siku. Waulize wanaoangalia Bwawa la Mtera: likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mitambo inatakiwa kusimama. Oktoba 2015 ukame ulilazimisha mitambo ya maji nchini kuzimwa, gesi ikabeba mzigo. Na tusiisingizie mvua peke yake. Mto Ruaha Mkuu, unaoingiza maji Mtera, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993, na kilimo cha umwagiliaji huko Usangu kina mkono wake.

"Gesi yetu ni safi, basi nayo ni jadidifu."

Hapana. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kuzalisha umeme 2004. Inatoa moshi kidogo kuliko makaa ya mawe au dizeli, lakini ikishachomwa imekwenda. Urani nayo ni hivyohivyo: haitoi moshi, ila ikichimbwa hairudi.

"Sola inataka joto kali."

Sola inataka mwanga. Joto ni adui yake: paneli nyingi hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Ndiyo maana fundi anayeilaza paneli juu ya bati bila kuacha nafasi anakupunja bila kujua. Bati la saa saba mchana Dodoma huunguza mkono, na paneli iliyolala juu yake inaiva nalo. Inyanyuliwe kidogo upepo upite chini, na vumbi lifutwe. Mtu wa Njombe mwenye jua na baridi kwa pamoja hana sababu ya kumwonea wivu wa Dodoma.

"Jadidifu ni ya kuchajia simu kijijini, haiwezi kuendesha nchi."

Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310. Ila upepo hutulia wakati wowote, na hapo ndipo Olkaria, kituo cha jotoardhi cha Kenya, inapoonyesha thamani yake, maana mvuke wake hautazami saa wala msimu. Ulianza kuzalisha umeme 1981 kwa mtambo wa megawati 15 tu. Hata hivyo visima vinavyotoa mvuke huo navyo huchoka. Mvuke ukizidi kutolewa bila maji kurudishwa ardhini, shinikizo hushuka, na inabidi kuchimba vingine.