茶: mboga chungu iliyopoteza mstari mmoja

Karibu kila mwanafunzi anayekuja kwangu kujifunza Kichina ameshasimuliwa habari ya herufi 茶. Juu kuna majani (艹), katikati mtu (人), chini mti (木). Basi ni mtu aliye kati ya majani na miti, anachuma chai. Hadithi tamu, na simkatazi mtu kuitumia kukariri. Ila herufi haikuzaliwa hivyo.

Imetokana na 荼, inayosomwa tú. Ziweke mbili hizi pamoja uzitazame kwa makini. 荼 huandikwa kwa mipigo 10 ya kalamu, 茶 kwa 9. Kilichotoweka ni mstari mmoja mfupi wa kulala, chini kidogo ya 人, lenye umbo la paa. Na kwenye 荼, hicho unachokiona kama mtu juu ya mti ni kitu kimoja, 余 (yú), ambacho kazi yake ni kudokeza sauti tu, kama kinavyofanya ndani ya 途 (tú), yaani njia. Kinachobeba maana ni yale majani ya juu peke yake: yanakwambia hapa pametajwa mmea. Mchumaji hayumo.

Mmea gani? Mboga chungu ya porini, ambayo wengi huitambua kuwa jamii moja na mchunga wetu. Majani ya chai nayo ni machungu, yakapewa jina hilohilo, na kwa karne nyingi msomaji alilazimika kukisia mwenyewe kama anasoma habari za mboga au za kinywaji. Mambo yalibadilika enzi ya Tang (618–907), chai ilipoenea na Lu Yu akaiandikia kitabu kizima. Gu Yanwu, mwanazuoni wa karne ya 17, alichunguza maandishi ya enzi hiyo yaliyochongwa kwenye mawe. Mawe ya mwaka 779 na 798 aliyoyaona mlima Taishan bado yana 荼. Yale ya 841 na 855 yameshapunguzwa mstari. Napenda sana ushahidi wa namna hii, kwa sababu jiwe halisahihishwi na mnakili wa baadaye.

Matamshi sasa. Kwa Kimandarini, yaani Kichina sanifu, ni chá, toni ya pili, sauti inapanda kama unavyoitikia "eeh?" ukiwa hujasikia vizuri. Ukiishusha ghafla umesema chà (差), pungufu au mbovu. Ch yenyewe ina pumzi: weka kiganja mbele ya mdomo, upepo ukiguse. Wamombasa wanaotofautisha ch nzito na ch nyepesi hulipata jambo hili siku ya kwanza, sisi wengine tunahangaika nalo wiki nzima.

Lakini kusini mashariki, pwani ya Fujian, herufi hiyohiyo husomwa tê. Hakuna aliyekosea. Zamani neno lilianza na sauti iliyokaribia d. Lahaja nyingi ziliisukuma ikawa ch, watu wa Fujian wakabaki na t. Waholanzi walinunua chai kwa wafanyabiashara wa huko, wakaipeleka Ulaya kwa jina la thee, ndiyo "tea" ya Waingereza. Wareno walikuwa Macau, wanakozungumza Kikantoni, na hadi leo wanasema chá. Njia ya nchi kavu iliwafikishia Waajemi neno chay, likaenea hadi India. "Chai" yetu ni ya ukoo huo. Ingetujia kwa Waarabu, ambao husema shay, labda leo tungekunywa "shai".

Maana zake zina mitego. Chai ya rangi tunayokunywa, Wachina huiita 红茶 (hóngchá), chai nyekundu, kwa rangi ya maji yake. Ukitafsiri jina la Kiingereza, "black tea", neno kwa neno utapata 黑茶 (hēichá), chai nyeusi, na hiyo ni aina nyingine kabisa, ya kuvundikwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliagiza hivyo akaletewa kitu alichosema kinanuka udongo wa mvua. Alikinywa chote, kwa aibu.

茶钱 (cháqián) ni pesa ya chai, na kwa matumizi ya zamani ni bakshishi. Darasani hapo sihitaji kueleza zaidi, watu wanacheka wenyewe. Ila usije ukachanganya na 喝茶 (hē chá), kunywa chai, ambayo mtaani China inaweza kumaanisha kuitwa na polisi ukahojiwe. Wajapani nao wameichezea herufi hesabu: majani ni makumi mawili, yaani 20, na sehemu ya chini ukiitenganisha inasomeka 八十八, yaani 88. Jumla 108, na mzee akifikisha umri huo husherehekewa kwa jina la chaju, umri wa chai.

Na 荼 haijafa. Imo kwenye 如火如荼 (rú huǒ rú tú), msemo wa jambo lililopamba moto, ambapo 荼 ni maua meupe ya nyasi. Wachina wenyewe huukosea: wanasahau ule mstari, na jambo linakuwa limepamba moto "kama chai". Mwanafunzi wangu akikosea hapo, namkata nusu alama tu.