Slint hawakupata wazimu: uvumi na ukweli kuhusu Spiderland

Bendi ikivunjika kabla albamu yake haijatoka, na wenyewe wakanyamaza, mashabiki huitungia historia. Ndivyo ilivyowapata Slint, bendi ya roki ya vijana wanne wa Louisville, Kentucky, Marekani, ambao Spiderland yao ilitolewa na lebo ya Touch and Go mwezi Machi 1991. Vibao sita, chini ya dakika 40, na uvumi usiokwisha.

"Walipomaliza kurekodi walilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili"

Huu ndio uvumi mkuu, na ndio unaoniudhi kuliko yote. Wengine husema alilazwa mmoja, wengine wanawalaza wote. Mpiga dramu Britt Walford ameukanusha; alichokubali ni kwamba waliichukulia kazi ile kwa uzito mno, na kurekodi kukawa na shinikizo.

Ulikotoka si vigumu kupaona. Katika "Good Morning, Captain", kibao cha mwisho cha albamu, mwimbaji na mpiga gitaa Brian McMahan anasimulia kwa sauti ya chini kwa dakika kadhaa, kisha mwishoni anapiga mayowe ya mtu aliyelemewa na majonzi. Wasikilizaji wakaamini kwamba aliyelia vile lazima awe ameugua kweli. Lakini kibao kile ni hadithi ya nahodha aliyenusurika meli ilipovunjika, na McMahan ndiye msimulizi wake. Mwigizaji akilia jukwaani, nani humwitia daktari?

Kilichotokea hakina maajabu. McMahan alijitoa mwishoni mwa 1990, bendi ikafa, na albamu ikatoka bila mtu wa kuipigia debe.

"Walikuwa wanabahatisha tu studioni"

Kiangazi cha 1990 walikuwa kwenye mazoezi karibu muda wote, nyumbani kwa wazazi wa Walford. Walipofika Chicago mwezi Agosti, ala zote zikarekodiwa kwa siku chache. Sikiliza "Nosferatu Man": beti zake zinahesabiwa kwa mapigo matano badala ya manne yaliyozoeleka, na gitaa la David Pajo na besi la Todd Brashear havitelezi hata mara moja. Hilo halipatikani kwa bahati. Ila uvumi huu una chembe ya ukweli, kwa sababu maneno mengi yalikamilishwa palepale studioni.

"Aliyeirekodi ni Steve Albini"

Hapana, ni Brian Paulson. Albini, fundi maarufu wa kurekodi bendi za roki, alirekodi Tweez, albamu yao ya kwanza iliyotoka 1989, pamoja na vibao viwili vilivyochelewa hadi 1994, na hapo ndipo watu huchanganya. Kwa Spiderland yeye alikuwa mhakiki: aliipa nyota kumi katika gazeti la Melody Maker, akatabiri kwamba baada ya miaka kumi watu wangehangaika kuitafuta.

"Ni granji, maana ni ya 1991"

Granji ni roki ya magitaa mazito yenye kelele, na bendi yake maarufu, Nirvana, ilivuma mwaka huohuo; kufanana kwao kunaishia hapo. Hapa magitaa mara nyingi ni safi, nyimbo zinatambaa polepole, kimya kinapewa nafasi yake, halafu kishindo kinashuka. "Don, Aman" haina dramu kabisa. Waliouchukua mtindo huo ni watu kama Mogwai wa Uskoti, katika muziki uliokuja kuitwa post-roki.

"Jalada linaonyesha watu wanaozama"

Wanaogelea. Picha ilipigwa na rafiki yao Will Oldham kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji huko Utica, Indiana. Angalia vizuri, utaona wanatabasamu.

"Walikusudia kutoweka ili wawe fumbo"

Mwaka 2005 walirudi jukwaani, wakaandaa na tamasha la All Tomorrow's Parties nchini Uingereza. Na hata kabla ya hapo, nyuma ya jalada la Spiderland walichapisha tangazo lenye anwani ya Louisville, wakiomba waimbaji wa kike wanaopenda kujiunga nao wawaandikie barua.